Upindo wa Sare ya Ziada

Dada yangu ni fundi cherehani. Miaka tisa ameshona sare za shule moja ya dini, ilhali yeye na sala hata hawasalimiani. Siku za ibada kwake ni siku za kumalizia oda. Kwa hiyo aliponiambia anataka kumpeleka binti yake huko, nilicheka mpaka nikamwaga kopo la vifungo.

Yeye hakucheka. Alinionyesha fomu. Alikuwa amejaza yote kasoro mstari mmoja: Kwa nini umechagua shule yetu? Ilitakiwa irudi kesho yake kabla ya saa sita mchana, na darasa la kwanza lilikuwa limebakiza nafasi mbili.

"Andika maadili," nikamwambia. "Kila mtu anaandika maadili."

"Niandike nisichokijua, tena kwenye shule ya dini? Wewe nawe!"

Akaanza kuwauliza wateja wenye watoto huko huku akiwapima. Dereva wa lori akasema mwanawe alikuwa na mdomo mchafu, sasa anasalimia hadi paka. Muuguzi akasema habari za sala hazimhusu, anachotaka ni walimu wasiotoroka vipindi. Mwashi akasema yeye mwenyewe alisoma huko, akachapwa mpaka leo akisikia kengele anashtuka.

"Na bado umempeleka mwanao?"

"Sasa ningempeleka wapi, fundi?"

Dada akazidi kuchanganyikiwa. Mimi nilikasirika, kusema kweli. Mtu mzima anajitesa kwa mstari mmoja!

Asubuhi ya siku ya kurudisha fomu nilikuwa nakunja sare za oda. Ziliagizwa thelathini, nikapata thelathini na moja. Ile ya ziada ilikuwa ndogo, na upindo wake mpana, wa kukunjuliwa kadiri mtoto anavyorefuka. Upindo wa namna hiyo Dada hamshonei mteja.

"Hii ya nani?"

Akaipokea, akaigeuza ndani nje kama kazi ya fundi mwingine. "Sijui, mdogo wangu. Mikono tu ndiyo imeshona. Kichwa hakina habari."

Kisha akakaa. "Tangu baba wa mtoto azikwe, kila nikimvisha ananiuliza kama baba anasikia tukimtaja. Namwambia nyamaza, inua mkono."

Saa tano sisi na mtoto tulikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Mstari ulikuwa bado mtupu. Alipoufikia akamtazama Dada. Mtoto ndiye aliyeuliza.

"Baba akishazikwa anasikia?"

Mkuu akaweka kalamu chini. "Naamini anasikia," akasema taratibu. "Lakini kuna siku na mimi nauliza kama wewe. Ulitaka kumwambia nini?"

"Jino limeng'oka."

"Hebu nione."

Mtoto akapanua mdomo, na mkuu akainama kuchungulia pengo.

Nafasi tukapata. Njiani kurudi Dada alikuwa amevurugika zaidi kuliko alivyokwenda. "Hata yeye hana uhakika! Kazi yake hiyo, na hana uhakika! Sasa mimi nimechagua nini?"

Alitembea hatua kadhaa, ameushika mkono wa mtoto kwa nguvu, halafu akasimama.

"Lakini umesikia?" akaniuliza. "Hakumwambia anyamaze."