Mama Aliyemfuata Mwindaji Porini Kuokoa Kadi ya Dawa

Saa mbili asubuhi, baridi inauma masikio, na wazee watatu wamekwisha jipanga mbele ya duka la dawa la mji mdogo wa Little Spruce, Marekani, mikono mifukoni, wakitaniana nani amezeeka kuliko mwenzake. Ndani, Marlys Zastrow anawasha taa, anateleka kahawa, anavaa koti lake jeupe, kisha anafungua mlango.

Mzee wa kwanza hajafika hata kaunta, swali linamkuta njiani. Wala si jina lake, wala tarehe ya kuzaliwa.

"Umesaini nini wiki hii?"

"Sijasaini kitu mimi, mama," anajibu mzee, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

Wenzake wanaangua kicheko. Marlys hacheki mpaka amtazame vizuri machoni. Akiridhika, ndipo anageuka kumtafutia vidonge vyake vya shinikizo la damu.

Marlys ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya ishirini ameimalizia nyuma ya kaunta hii. Si mfamasia. Yeye ndiye anayepokea vyeti vya madaktari, anahesabu vidonge, anapitisha kadi za bima kwenye mashine, na mashine ikigoma, anashika simu na kuwavaa wenye bima. Analipwa dola ishirini na moja kwa saa. Anadai nusu ya pesa hizo ni ujira wa kusikiliza muziki wa kwenye simu akingoja kuhudumiwa.

Mji huu umelelewa na kiwanda cha karatasi, na wateja wake wengi ni wastaafu wa hapo. Mtu akifikisha miaka sitini na mitano, bima ya serikali kwa wazee inabeba hospitali na daktari. Dawa za kumeza na kujidunga nyumbani zinabebwa na mpango wa wastaafu wa kiwanda, ambao serikali nayo inauchangia. Bima hizo mbili zinakwenda bega kwa bega, na mzee hasikii maumivu yoyote mfukoni. Uzuri wake mwingine ni kwamba mpango wa kiwanda unamfunika hata mke ambaye umri wa bima ya serikali bado haujamfikia.

Ila una sharti moja. Mtu haruhusiwi kuwa na mipango miwili ya dawa. Mstaafu akijiunga na mwingine wa mitaani, hata kwa nia njema, wa kiwanda unamtema, na mkewe anatemwa pamoja naye. Tena ukishatoka, mlango haufunguki mara ya pili.

"Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka," anasema Marlys. "Huku kwetu kinachoponyoka ndicho kile kizuri."

Swali lake la mlangoni lilizaliwa Novemba mwaka jana, Jumatatu ya wiki ya kuwinda kulungu. Wiki hiyo Little Spruce inabaki mji wa wanawake. Wanaume wote, kuanzia fundi bomba hadi mchungaji, wako porini na makoti yao ya rangi ya chungwa, yanayovaliwa ili mtu asidhaniwe kulungu akapigwa risasi.

Asubuhi hiyo aliingia Lavonne Kubiak kuchukua sindano yake. Lavonne ana miaka sitini na miwili, na baridi yabisi ilimwanza mapema. Kuna mwaka vidole vilikakamaa hata kikombe cha chai akashindwa kukishika, na kodiani yake, kile kinanda cha kukunjua kifuani ambacho Ijumaa zote mji mzima unakuja kukichezea dansi ya polka, ikalala kabatini. Sindano ndiyo iliyomrudishia vidole. Kwa kadi ya kiwanda analipa dola arobaini. Bila kadi, dozi ya mwezi mmoja inapita dola elfu sita, na hiyo katika nyumba ya Kubiak haipo.

Huku akingojea, Lavonne akaanza kumsifu mumewe. Elroy wake safari hii ameonyesha akili, alisema. Kabla hajaenda kuwinda alipita pale baa kwenye bahati nasibu ya nyama, ambako mshindi huondoka na mnofu, akakuta meza ya mtu wa bima, akajiandikishia mpango wa pili wa dawa, wala hautozi chochote kwa mwezi.

Marlys aliweka sindano chini.

"Lavonne mwenzangu, umesema wa pili?"

Alipomweleza maana yake, Lavonne alikaa kwenye kiti cha kupimia shinikizo la damu na kutazama mikono yake. Hakulia. Aliuliza tu kama kodiani iliyotumika bado inauzika.

Basi Marlys akapiga simu ofisi ya mafao ya kiwanda, akampa Lavonne azungumze. Habari ikawa mbaya kuliko walivyodhani. Taarifa ya mpango mpya imekwisha fika, walijibiwa. Majina yao yatafutwa kwenye mpango Jumatano jioni, kabla ofisi haijafungwa kwa Sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi. Dawa ni moja: mzee mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, aipigie simu ile kampuni mpya afute, nayo ithibitishe kabla ya muda huo. Mke hawezi kumsemea.

Na mzee mwenyewe yuko kwenye kambi yao ya kuwindia, mahali ambapo simu haishiki mtandao.

Kwenda kambini hakukuwa jambo dogo. Kambi ya akina Kubiak haijawahi kukanyagwa na mwanamke tangu babu yake Elroy alipopigilia mbao zake. Hilo si sheria, ila wanalishika kuliko sheria. Lavonne alisita. Alisema Elroy atanuna mpaka Krismasi.

"Mwache anune," Marlys alimjibu. "Mtu akinuna vidole havikakamai."

Jumanne alfajiri aliomba ruhusa kazini, akavaa koti la chungwa la marehemu mumewe lililomfika magotini, akampakia Lavonne kwenye pikapu, wakaingia porini. Theluji ilikuwa imeanguka usiku. Kambini hawakukuta mtu. Wawindaji walikwisha tawanyika, kila mmoja juu ya mti wake. Kutembea kimya kwenye pori lililojaa bunduki ni kujitafutia kifo, kwa hiyo Marlys alifanya alichoona cha akili. Aliikandamiza honi ya gari.

Alipiga honi mpaka ndege wakahama. Kisha akashusha kioo na kuita jina la Elroy kwa sauti ambayo wateja wake hawajawahi kuisikia.

Mzee Elroy, miaka sabini na mmoja, alitokea kati ya misonobari amefura, uso mwekundu kuliko koti lake.

"Marlys we! Dume la pembe zenye ncha kumi lilikuwa chini yangu. Chini yangu hapa! Nimelingoja miaka sita!"

Halafu akamwona mkewe ndani ya gari, na hasira ikamwishia mdomoni. Alidhani kuna aliyekufa.

Walimweleza palepale amesimama kwenye theluji. Mwanzoni alibisha. Miaka thelathini na minne aliendesha mashine ya karatasi, na kiwandani, alisema, kila pampu ina pacha wake pembeni. Ya kwanza ikifa, ya pili inapokea, karatasi haikatiki. Hakuna fundi mwenye akili anayetegemea pampu moja. Alikuwa amemwekea mkewe pampu ya akiba, basi, kosa lake nini?

"Kosa lako hujalifanya kwa ubaya, mzee wangu," Marlys alimwambia. "Lakini hii ya pili ukiiwasha, inazima ya kwanza. Na Lavonne yuko kwenye ya kwanza."

Elroy alivua kofia. Leo anakiri hadharani kwamba kiwandani aliwahi kuponea chupuchupu kusagwa na mitambo, lakini hakuogopa kama alivyoogopa siku ile.

Walipanda wote watatu mpaka kilimani ambako mtandao unashika. Muziki wa kwenye simu ukaanza, na mzee akaketi nyuma ya pikapu, bunduki imetolewa risasi, simu sikioni, pua inachuruzika. Saa nzima ikakatika. Lavonne alimshikia kikombe cha kahawa amnyweshe, na Marlys anasema kutazama vile vidole vimezunguka kikombe kulimfanya ageuke atazame miti.

Hatimaye dada wa kampuni akapokea. Elroy akataja jina, akataja tarehe ya kuzaliwa, akasema anafuta. Dada akamuuliza sababu ya kuondoka.

"Sababu yenyewe imesimama mbele yangu na kahawa yangu," alijibu.

Uthibitisho uliingia ofisi ya mafao Jumatano mchana. Lavonne alipopigiwa simu alikuwa jikoni akikanda unga wa pai. Hakumaliza hata kusikiliza. Alimpigia Marlys dukani, wakalia wote kwenye simu huku wateja wakisubiri.

Habari ilienea. Kumbe Elroy hakuwa peke yake. Majirani wawili nao walikuwa wamejiwekea "pampu ya akiba" pale pale baa, nao wakakimbilia simu. Tangu hapo, hapiti mzee kaunta ya Marlys bila kuulizwa amesaini nini.

Wiki chache zijazo Marlys ana mpango mkubwa zaidi. Anataka kuweka meza, si hospitalini wala maktaba, bali kwenye duka la vifaa vya uwindaji, pembeni ya dirisha la vibali. Mwenye duka amekwisha kubali. "Wanaume wa huku barua hawafungui," anasema, "ila kibali cha kuwinda, hata wawe wanaumwa vipi, wanakifuata kwa miguu yao wenyewe." Elroy ameomba akae naye mezani awe mfano. Anasema watu wanamwamini mjinga aliyetubu kuliko mjuzi.

Ijumaa jioni, ukumbi wa dansi unanukia samaki wa kukaanga na viazi. Jukwaani, Lavonne ana kodiani kifuani, na vidole vinakimbia juu ya vitufe kama vya msichana. Marlys anachezeshwa polka na mchungaji, jasho linamtoka. Mezani, Elroy anamweleza mgeni, kwa mara ya mia, habari za dume lililomponyoka, upana wa pembe, unene wa shingo. Marlys anapita karibu na kumuuliza kama bado anamdai dume lake.

Mzee anamtazama mkewe kwanza, mpaka wimbo unaisha.

"Lilikuwa dume zuri sana," anasema. "Lakini kupiga kodiani lilikuwa halijui."