Moja Juu ya Nane

Leo, katika semina ya walimu hapa Goma, nilikata fromaji ya Masisi, jibini la wafugaji wa huko, ili niwaonyeshe namna ya kufundisha sehemu za namba, kama moja juu ya mbili, na harufu ya maziwa yaliyoganda ikajaa chumbani. Fromaji niliinunua mwenyewe. Nilisomea ng'ambo kwa jasho langu, nina diploma, na hapa hakuna anayefundisha hesabu kama mimi.

Lakini harufu ile ilinirudisha kwenye darasa letu la mbao la utotoni. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, premier wa darasa, na kila mutu alijua. Siku ya somo la sehemu mwalimu hakuniita ubaoni. Alimwita msichana mgeni, mtoto wa wafugaji wa Masisi, aliyekuja na fromaji nzima ya duara ndani ya kitambaa. Aliikata nusu mbili. Nusu moja akaigawa vipande viwili, nyingine vinne. Darasa zima lilimtazama yeye tu. Niliona wivu.

"Premier wetu," mwalimu akaniita, "unataka moja juu ya nne ao moja juu ya nane?"

"Ya nane, Mwalimu!" Nane si inashinda nne?

Darasa likalipuka kwa kicheko. "Premier, kula nane yako!"

Nilipewa kipande chembamba kama kidole. Msichana hakucheka. Alinisogezea chake kikubwa.

"Kamata yangu. Sisi kwetu tunakulaka kila siku."

Nilivisukuma vyote viwili.

"Mimi sipendake fromaji," nikamwambia.

Nilikuwa sijawahi kuionja.