Asali Iliyotoa Povu

Asidi ya sulfoniki ni kitu kizito cha rangi ya kahawia, kinachomiminika polepole kama asali. Maji matupu yanatosha kuianzishia povu. Ukiikoroga na soude, ile soda kali, inageuka salfoneti, nayo ndiyo inayong'oa mafuta kwenye masufuria. Wenye viwanda huitumia kwa mambo makubwa, hata kwenye simenti. Dada yangu na mimi, hapa uani kwetu Kisangani, tunatengenezea sabuni ya maji ndani ya pipa la bluu.

Baba mkwe alidai mahari ya mbuzi na bidoni moja, dumu zima, ya asali ya Bafwasende. Mbuzi walipatikana. Asali nayo ilipatikana, nikaiweka mlangoni kando ya bidoni ya asidi, zote mbili za njano. Siku ya mahari tonton, mjomba wangu na msemaji wetu, alichelewa kwa sababu ya tai yake, akabeba bidoni ya kwanza aliyoigusa.

Baba mkwe anauza kwa jumla, na ameshauziwa mafuta ya mawese yenye maji mara nyingi mno, haamini tena bidoni ya mtu. Mbele ya familia zote mbili aliomba glasi ya maji na kijiko.

“Asali ya kweli inashuka chini, inatulia,” alisema, akakoroga.

Haikutulia. Povu lilipanda, likavuka mdomo wa glasi, likamteremkia kwenye saa yake. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana nilimwona mke akiniponyoka hivihivi.

Tonton hakutikisika. Msemaji hakubali kosa.

“Papa, nyuki za Bafwasende ziko propre, safi sana.”

“Alors, basi, lamba.”

Tonton akakitazama kijiko. Kisha, kwa heshima ya ukoo wetu, mwendawazimu yule akaanza kufungua mdomo. Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa dada, aliyebaki nyumbani akikoroga, na sauti yake haijawahi kuhitaji simu.

“Nakoroga tangu asubuhi, povu hakuna! Na nyuki zimejaa ndani ya pipa!”

Wote walisikia. Tonton akafunga mdomo, akarudisha kijiko mezani taratibu.

Kwa desturi, mali haipokelewi kabla binti hajaulizwa. Baba mkwe, povu likiwa bado kwenye saa, akageukia pazia la chumba cha ndani.

“Binti yangu, umesikia. Tukule mali ya hawa batu?”

Nyuma ya pazia kulikuwa na mikwaruzo ya koo niliyodhani ni kilio. Alipotoka, kweli macho yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa anacheka, anacheka hadi shangazi yake akalazimika kumshika kiuno.

“Mukule mbuzi, papa. Ile ya povu muache, itawaua.” Akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akaninyooshea kidole. “Lakini mwenye kuileta, yeye munipe.”

Hapo nililia mimi.