Dirisha la chumba cha Bibi Zuwena

Samahanini kwa ukimya, mtoto hanipi nafasi.

Leo nimemwonyesha Bibi Zuwena, jirani yangu hapa Ipuli, nyumba yao ya zamani iliyobomoka kwa mvua. Nimeijenga upya kwenye kompyuta. Chumba cha ndani kilikuwa giza mno, nikaongeza dirisha jua liingie.

Akasogeza macho yake, ambayo yanazidi kufifia, karibu na skrini.

"Mjukuu, nani katutobolea dirisha barabarani? Wapita njia wawachungulie wanawake?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hapa si kwetu."

Jamani, naogopa atapofuka kabla sijairekebisha.

Mliowahi kuingia mle, nitumieni picha za zamani za chumba hicho, za mchana, bila flashi, mlango wa uani ukiwa wazi, maana mwanga uliingilia hapo. Na mniambie jua la asubuhi lilikuwa likifika wapi chumbani.