Besi Langu Halikulia Juu ya Adhana

Muadhini wetu aliinuka wimbo wa mwisho ukiwa katikati. Alikuwa ameketi mbele kabisa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwalika na mimi ndiye niliyemwekea kiti. Kwenye vipaza sauti ilikuwa ikitoka sauti yake mwenyewe, adhana yake ya alasiri, ile anayoivuta polepole mpaka mtu aliye dukani aone haya kuendelea kupima. Na chini ya sauti yake, wazi kabisa, lilikuwa likitembea besi langu.

Alisikiliza kidogo. Nadhani alitaka kuhakikisha. Kisha akashika bakora yake akapita mbele yangu. Nikamwambia, "Shekhe." Hakunitazama. Huyu ni mtu anayesalimia hata paka. Nyuma yake wakainuka wa mtaani kwetu, wanaume kwa wanawake, viti vikikwaruza sakafu. Waliobaki ni wageni, wamefumba macho, wanatikisa vichwa kwa raha. Hapo ni ukumbini, karibu na Ngome ya Yesu, siku tuliyoitoa albamu yetu.

Naandika haya kwa mkono wangu. Shule niliiacha mapema na mwandiko wangu wa kuparaza, lakini la kusema ninalo na wa kuwataja ninao. Majina siandiki. Mtaa wetu hauna haja ya majina. Ukisema mpiga piano, kila mtu amjua.

Nirudi nyuma, usije ukaniona mtu wa kelele za bure.

Zamani nilikuwa mpiga besi wa harusini, besi lile kubwa la kusimama ambalo watoto huliita fidla la jitu. Siku moja tukaenda kwenye harusi ng'ambo, na pale Makupa gari letu la vyombo likabanwa na lori. Dereva wetu akafa. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, akafa ameniegemea begani, na bega hili mpaka leo likipoa naamka. Mimi nilinaswa chini ya viti, kifua kimeshikwa, pumzi inaingia kwa kuombaomba. Nje watu wanapiga mayowe, honi zinalia, kila mmoja anatoa amri. Kisha msikiti wa karibu ukaadhini alasiri. Nikaanza kuijibu adhana, neno kwa neno, kwa midomo tu maana sauti sikuwa nayo. Kila neno likawa pumzi moja. Walipokuja na mitaimbo kunichomoa, adhana ilikuwa imekwisha kitambo na mimi bado najibu.

Daktari alinieleza kwa nini nilipona. Sawa. Mimi najua nilikuwa nimeshika nini.

Basi tangu siku hiyo adhana ikianza upinde wangu wa kupigia besi uko chini. Kwetu si ajabu. Hata harusini ngoma hunyamaza muadhini akinyanyua sauti. Lakini kwa wengine ni adabu, kwangu ni nadhiri, na mtaa mzima waijua. Ndiyo maana wakanipokea tena. Ulikuwako wakati watu wakininong'ona, mbona wenzake wamekufa yeye hai? Muadhini ndiye aliyewanyamazisha. Alisema barazani, "Mwacheni. Huyo aliitwa akaitika."

Mpiga piano alirudi kutoka Ulaya. Ni mtoto wa duka la vitambaa Bondeni, Mhindi wa kwetu, Muislamu kama mimi, amelelewa kwa mahamri na mbaazi kama mimi. Nayasema haya kwa makusudi. Angekuwa mgeni ningemsamehe siku ileile.

Alinikuta nanywa kahawa. "Ami, nataka kufanya albamu ya jazi. Ya taratibu. Hakuna gitaa la umeme, hakuna makelele. Watu wanne tu."

"Jazi mimi nimeipigia wapi, yakhe?"

"Ami, wewe hupigi. Wewe wapumua. Hilo ndilo nilitakalo."

Maneno matamu hayo. Nikampa sharti langu: adhana ikianza, hakuna chombo kinacholia. Akaweka mkono kifuani. "Ami! Wanifunza dini yangu?" Tukacheka sote.

Klarineti aliichukua rafiki yangu wa tangu siku za harusi, ambaye siku ya Makupa alichelewa gari na ndiyo salama yake. Ngoma alipiga bwana mmoja wa Rabai, Mkristo, mchana karani wa ghala. Huyo badala ya vijiti alitumia vifagio vidogo vya waya, akawa kama mtu afagiaye ua alfajiri asitake kuamsha wenyewe.

Tulinasia orofani, katika nyumba ya kale ya ukoo wa mpiga piano, Mji wa Kale. Joto la kaskazi lilikuwa limetukaba, madirisha yote wazi. Na wallahi, ule muziki ulikuwa mzuri. Hilo sitalikanusha kwa sababu ya hasira. Piano inasema neno moja, inangoja. Klarineti inalijibu kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Mimi nakaa chini yao, naweka sauti moja na kuiacha ife yenyewe. Niliyezoea kupigia watu wacheze, kwa mara ya kwanza nikapigia watu wanyamaze. Nikamwambia mke wangu, "Hii ndiyo kazi nitakayokumbukwa kwayo."

Wimbo wa mwisho tulikuwa tumeshaupiga mara moja. Tukaurudia. Katikati, adhana ya alasiri ikaingia dirishani. Nikaweka upinde chini. Klarineti ikashuka. Yule wa Rabai akalaza vifagio magotini. Mpiga piano naye, nasema haki yake, akaondoa mikono. Fundi wa sauti, bwana aliyetoka Nairobi, akanyoosha mkono azime mashine. Akataka na kusema neno. Mimi nikamwinulia kidole: tulia. Kwetu adhana ikiadhiniwa hatuzungumzi wala hatugusigusi vitu. Akatulia. Mashine ikaendelea kunasa, adhana nzima, na kimya chetu ndani yake. Heshima yangu mwenyewe ndiyo iliyowapa kamba.

Maana mpiga piano na fundi wake walifanya nini? Walichukua besi langu kutoka ile mara ya kwanza tulipoupiga wimbo huo, na piano, na klarineti, wakavitandika chini ya adhana. Kimya chetu wakakifukia. Kisha juu ya jalada wakaandika kwamba kila kitu kimepigwa kwa pamoja, chumba kimoja, bila kuunganisha popote. Anayesoma hapo na kusikiliza hapo ataamini nini? Kwamba mimi, mtu wa Makupa, nilisikia naitwa nikaendelea kukwangua nyuzi.

Kesho yake nilikwenda Bondeni. Nilimkuta dukani kwao, kati ya marobota ya vitambaa, simu sikioni. Akaikata.

"Ami, nisikilize. Niliiweka kwa heshima."

"Heshima yangu ilikuwa kile kimya. Umekipeleka wapi?"

"Kimya hakisikiki kwenye albamu, Ami. Watu wangedhani mashine imekufa. Huko nje watu wamelia waliposikia."

"Na wa hapa wameondoka. Hukuwaona?"

"Watasahau."

"Basi njoo umwambie muadhini kwamba uliunganisha. Neno moja tu. Jioni baada ya swala, pale mlangoni."

Akatazama jalada lililokuwa mezani. Akaligeuza. "Siwezi. Nikisema niliunganisha, albamu yote itaitwa uongo. Imeshasifiwa kwa hilo."

Kumbe! Basi uongo uwe wangu, sifa ziwe zake.

Nikamwendea rafiki yangu wa klarineti. Yeye alikuwa ameisikia kabla ya siku ile, walimpelekea; mimi hawakuniletea. "Nilidhani umekubali," akasema.

"Mimi nikubali? Wewe wanijua mimi?"

"Bwana we, ilikuwa nzuri." Akainama. Miaka yote ya harusi, mkate mmoja, leo wanijibu ilikuwa nzuri. Huyu nimemtaja wa pili. Wa tatu ni fundi wa sauti, aliyeniona kwa macho yake nimeinua kidole, akaenda kukata na kushona.

Barazani sasa nikipita wana maneno. "Haya, bwana adhana na besi! Ijumaa watupigia hotuba na tari?" Wanacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, ameitwa, angoja wimbo uishe." Hilo ndilo lililonichoma, maana walilichukua neno la muadhini wakalipindua juu chini. Sikukwepa. Nikaketi palepale kati yao, nikaagiza kahawa yangu, nikainywa chungu mpaka tone la mwisho. Anayetaka nihame njia ataningoja sana.

Aliyenisimamia ni yule wa Rabai. Alivaa kanzu ya kuazima, ikamkomea kwenye mashavu ya miguu, akaenda mpaka kwa muadhini mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Mzee wangu, mimi ni Mkristo, sina la kupata hapa. Huyu aliweka upinde chini. Niliona."

Muadhini akamkaribisha, akampa tende, akamuuliza hali ya watoto. Kisha akasema, "Mwanangu, nakusadiki wewe. Lakini sikio langu limesikia, na masikio ya watu yamesikia. Yalo ndani ya masikio hayatolewi na shahidi. Atayatoa aliyeyatia."

Akanigeukia. Ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile. "Nawe hutoleta besi lako hata kwenye maulidi, mpaka hapo atakapoyatoa."

Nikamjibu, "Sitaleta, Shekhe. Lakini sitaomba radhi kwa nisilolitenda."

"Sikukwambia uombe," akasema.

Besi limesimama pembeni mwa chumba, nimelifunika shuka la mke wangu. Kila alasiri adhana ikianza nalitazama, nalo limenyamaza kama lilivyonyamaza siku ile orofani. Wimbo wenyewe unaendelea kuchezwa huko mtandaoni, na kila unapochezwa mimi nakosa tena.

Basi wewe mpiga piano, mtoto wa Bondeni, uliyeweka mkono kifuani ukaniita Ami. Swala ya alasiri waijua wakati wake, na mlango wa msikiti waujua. Viatu vyako vya utotoni viliwahi kupotea hapo. Sitaki uniimbie sifa, wala usinitumie salamu kwa mtu. Njoo usimame pale watu wanapotoka, mbele ya muadhini, jalada lako mkononi, na useme kwa kinywa chako: besi hili nani alilipiga juu ya adhana, mimi au wewe?