Siku Niliyoambiwa Nipange Laini

Kila asubuhi hapa Soweto West, Kibera, jirani yangu hufunua sufuria ya uji wa wimbi uliochachushwa, na ile harufu kali inayojaza mate mdomoni hunirudisha Kawangware, kwenye ploti ya Cucu katika mtaa uitwao Kongo. Cucu alikuwa mama mzee Mkikuyu, mwenye ploti. Mimi na mama tulikuwa wapangaji wake, Waluhya tuliokuja kutafuta riziki.

Nilikuwa darasa la kwanza nilipougua surua. Vipele vikaisha, homa ikaisha, lakini tumbo likakataa kutulia. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi niliulizwa, nikabembelezwa, hata nikaimbiwa, na bado nikafumba mdomo. Mama akanunua mkebe wa unga wa vitamini wenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Ulikuwa mtamu kama peremende, na kila nilipounywa nilitoka mbio kwenda chooni. Nesi wa kliniki alimwambia auweke kando kwanza. Surua imeondoka, alisema, tumbo ndilo halijapona. Anipe zinki, maji yenye chumvi na sukari, na chakula kidogo kidogo.

Sasa, ploti yetu ilikuwa na milango mingi na choo kimoja, kwa hiyo tumbo langu halikuwa siri. Asubuhi watu walipanga laini ya choo na makopo yao ya maji, na nilipotokea nimeshikilia sketi, laini ilijifungua yenyewe. "Pisheni mtoto!" Hata wanaume wa mjengo, vibarua wa ujenzi wenye haraka zao, walisogea. Nisiwadanganye, nilijiona mkubwa. Nilipita nimeinua kidevu kama bibi arusi.

"Mama Nekesa, tumbo ya mtoto imeshika?" Cucu aliuliza kila siku, akitaka kujua kama kuhara kumekoma.

"Bado, Cucu."

Mama alijibu kwa sauti ndogo sana. Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Mama Brayo, ambaye mwanawe Brayo naye aliugua surua, kisha akaanza kuhara. Sisi watoto tuliambiwa amepelekwa ushago, kijijini kwao.

Siku moja Cucu alikuja na uji wake, uliochacha hadi unakunja uso. Hakunibembeleza. Alikaa kwenye stuli, akanywa huku akilamba midomo, mpaka nikaomba kuonja. Nikamaliza kikombe. Kesho yake niliulizia mwingine.

Kilichoniponya sikijui. Nesi angesema zinki, Cucu alisema uji, mama alisema Mungu. Ule mkebe uliishia kuwa wa kuwekea chumvi.

Nakumbuka tu asubuhi niliyotoka nyumbani nikirukaruka, nikaenda moja kwa moja mbele ya laini kama kawaida yangu. Cucu alikuwa mlangoni pake ananitazama.

"Wewe Nekesa! Unaenda wapi? Mtu wa kuruka hivyo apange laini kama wengine!"

Laini nzima ikacheka. Niliona aibu, nikaangua kilio, nikamkimbilia mama anitetee. Nilimkuta ameinamia karai la nguo, machozi yanamtiririka, na Mama Brayo amemkumbatia. Nilifurahi kidogo. Nilidhani wanalia kwa sababu Cucu amenionea.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Brayo hakupelekwa ushago akiwa hai. Ndipo nilipoelewa mama alisikia nini asubuhi ile: mtoto wake ameambiwa apange laini kama wengine.