Siku Niliyokataa Kuiona Joburg

Mwezi uliopita nilikwenda Rosettenville kumpelekea fundi kitambaa, nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba tuliyokuwa tukiishi. Ipo, lakini si nyumba tena. Chumba chetu cha mbele kimekuwa duka la simu, na pale uani mama alipokuwa akiweka jiko lake la gesi kijana mmoja anaosha magari. Wale Wareno wa kona tu ndio hawajabadilika, bado wanachoma kuku wao wa pilipili, na moshi wake ukanifuata mpaka nikakohoa. Mwenye duka akaniuliza kama nataka muda wa maongezi. Nikanunua, maana ningemwambiaje kwamba pale alipopanga makava ya simu ndipo palipokuwa kitanda changu?

Tulipanga vyumba viwili vya nyumba ile, na ua tulichangia na jirani yetu, msusi kutoka Lubumbashi, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Wazazi wangu ni watu wa Tanga. Mama alikuwa akiamka alfajiri kuchoma vitumbua vya kuuza kwenye kituo cha teksi, zile daladala za huku, na kazi yangu mimi kabla ya shule ilikuwa kutwanga iliki na kupanga vitumbua kwenye ndoo, tabaka la vitumbua, tabaka la karatasi. Kile cha mwisho, kilichoungua ukingo, kilikuwa changu. Mpaka leo nikila kitumbua kisichoungua naona kama nimepunjwa.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala huko Midrand. Aliondoka giza halijaisha na kurudi giza limekwisha kuingia, na siku za mapumziko alilala kama mtu aliyezimia. Alikuwa amekaa Johannesburg tangu kabla sijazaliwa, lakini ukimuuliza habari za mji atakwambia habari za geti. Geti lake lilikuwa la kusukuma, lilikuwa na kutu upande wa chini, likilia kwa namna fulani lori likiwa limebeba mzigo mzito. Mama alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Huyu kaoa geti. Mimi mke mdogo." Baba akicheka, akijibu kwamba geti walau halimwombi pesa ya gesi.

Sasa ndugu yangu, lazima uelewe jambo moja kuhusu watu wa uani kwetu. Hatukuwa watu wa kutalii. Mji tuliufanyia kazi, hatukuutazama. Aliyekuwa akitembezwa mjini ni yule anayerudi nyumbani moja kwa moja. Siku chache kabla ya safari atavalishwa vizuri, atapelekwa kwenye bustani ya wanyama, atapandishwa lile jengo refu la katikati ya mji, atapigwa picha, kisha atapandishwa basi. Ilikuwa ndiyo desturi, na jirani yetu msusi ndiye aliyeieleza vizuri kuliko wote. Baada ya zile vurugu za kuwapiga wageni zilizoanzia Alexandra, wazazi wengi wa kwetu waliona bora watoto wakalelewe kwa bibi zao. Yeye alikuwa na wavulana wawili, marafiki zangu wa kucheza mpira uani. Jumamosi moja akawapeleka kuona tembo. Jumamosi iliyofuata hawakuwapo.

"Beko bien, beko kwa nkambo yabo," alimwambia mama, akinyoosha nywele za mteja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mutoto hawezi kurudia kwetu kichwa bule. Batamuuliza alionaka nini."

Wako salama kwa bibi yao, na mtoto hawezi kurudi kwao na kichwa kitupu, maana ataulizwa aliona nini. Niliyashika maneno yale kama mtoto anavyoshika jambo asilotakiwa kulisikia. Uani pakawa kimya, mpira ukabaki wangu peke yangu, nao haunogi ukiwa wako peke yako.

Basi jioni moja baba akarudi kutoka kazini, akavua buti zake, akasema: "Jumamosi nimeomba ruhusa. Mimi na wewe tunakwenda kutalii mji."

Nikamtazama mama, mama akageukia sufuria. Na kama hilo halikutosha, kulikuwa na viatu vipya vilivyonunuliwa bila sikukuu yoyote, na chini ya kitanda chao nilikuwa nimeuona ule mfuko mkubwa wa mirabaraba, ule ambao watu wa kwetu wakiununua ujue kuna basi linasubiri. Nikajumlisha mambo yangu, nikapata jibu. Wananirudisha Tanga. Tanga ambayo sijawahi kuiona, kwa bibi ambaye nikizungumza naye kwenye simu sikuweza kumjibu zaidi ya "marahaba", na hiyo nayo nilikuwa nimekosea, kwa kuwa yeye ndiye alitakiwa kuitikia hivyo. Kiswahili nilikielewa chote, lakini mdomo wangu ulikuwa wa Kizulu na Kiingereza.

Nililala nikiwaza, na kabla ya usingizi kunichukua nilikuwa nimepata dawa. Ikiwa mtoto hawezi kurudi na kichwa kitupu, basi mimi changu nitakiacha kitupu. Sitaangalia kitu.

Jumamosi baba alivaa suti yake ya pekee, ile ya kuolea, na buti za kazini alizozipiga kiwi mpaka zinang'aa, kwa sababu viatu vingine hakuwa navyo. Mama akatufungia chapati, mayai ya kuchemsha na katlesi, na chupa ya chai. Hakuja nasi. "Nendeni wawili," alisema, akanifunga kilemba changu upya ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

Ungemwona baba yangu mjini siku ile! Nilidhani mtu akitalii anatazama majengo. Yeye alitazama milango ya majengo. Kila geti lilikuwa na mlinzi, na kila mlinzi alimsalimu kama ndugu yake. "Sawubona, baba. Sharp?" "Sharp, baba." Kisha tukishapita hatua chache ananong'oneza: "Geti zuri, lakini mwenyewe amekaa vibaya. Jua linampiga machoni, hawezi kuona namba ya gari." Kwenye robot, yaani taa za barabarani, alisimama kungoja rangi ya kijani hata barabara ilipokuwa tupu, watu wakatupita wakicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu vipya. Nakwambia kweli, sikuinua kichwa kuanzia kituo cha teksi hadi ndani ya lifti ya lile jengo refu.

Lifti ilipanda mpaka masikio yakaziba. Milango ikafunguka, nikahisi mwanga mkubwa usoni, nikafumba macho, nikayabana. Baba akanishika mabega akanisogeza mpaka paji langu likagusa kioo baridi.

"Umeona?" akasema.

"Angifuni," nikamjibu. Sitaki.

Nilijua ananitazama. Mzazi mwingine angenipiga kofi, maana tiketi zile zilikuwa za watu wawili. Baba yangu akaanza tu kuzungumza taratibu, midomo yake karibu na sikio langu. Akasema kule ni kusini, kuna vile vilima vya njano vya mchanga uliotoka migodini, na nyuma yake ndiko kwetu Rosettenville. Akasema anaamini ile ndiyo barabara yetu, na yule mdogo kabisa ni mama, ameshika kijiti chake cha kugeuzia vitumbua. Akasema teksi ni nyeupe na ziko kama mchele uliomwagika. Akageuka upande wa kaskazini, akitafuta ghala lake, akashangaa: "Kumbe naendaga mbali hivi." Nikataka kufungua macho. Wallahi nilitaka. Nikayabana zaidi.

Kwenye bustani ya wanyama ikawa hivyo hivyo. Tembo walipewa mgongo wangu. Simba akanguruma, nikaziba masikio, lakini pua haina mlango, na harufu ya simba iliingia kichwani kwangu bila ruhusa, nikakasirika sana nikihofia kwamba harufu nayo inahesabika. Mlinzi wa pale akamuuliza baba kama mtoto anaumwa. Baba akasema hapana, ana mambo yake.

Mchana tulikaa kwenye nyasi kando ya ziwa lililo karibu na bustani ile. Nilisikia makasia ya watu waliokodi vimashua na bata wakigombea mkate. Baba alimenya yai, akalitia chumvi, akaniwekea mkononi. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonishinda. Nikaona hata chapati za mama ni chapati za kuagwa. Nikaanza kulia na yai mdomoni.

"Baba," nikasema, kwa Kiswahili, mimi niliyekuwa nikimjibu kwa Kizulu tangu nijue kusema. "Mimi naenda siku gani?"

"Unaenda wapi?"

"Tanga. Kwa bibi. Lakini sijaona kitu, baba. Kichwa changu hakina kitu. Siwezi kwenda."

Alinitazama mdomo wazi. Halafu akacheka, akacheka mpaka bata wakasogea mbali, kisha kicheko kikakatika kama kilivyoanza. Akajifuta macho kwa mkono wa suti.

"Si wewe, mwanangu. Ninayekwenda ni mimi."

Je, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Niliruka pale nyasini, nikapiga makofi. Sirudishwi! Nabaki na shule yangu, na uani petu, na kitumbua changu kilichoungua! Baba naye alitabasamu kuniona ninavyofurahi, na ilinichukua muda, sijui muda gani, kabla ya maneno yake kunifikia hadi ndani. Nikakaa chini.

Akanieleza kwamba bibi hawezi tena kuinuka mwenyewe, na mtoto wa kiume ni yeye peke yake. Mama atabaki nami, kwa ajili ya shule. Angekwenda mwaka mmoja, akatazame mambo, arudi. "Na huko nitaulizwa," akasema. "Miaka yote hii Joburg, umeona nini? Niwaambie geti?"

Basi ziara ile ilikuwa ya kwake. Kichwa kitupu kilikuwa chake, na mimi nilikuwa nimemharibia nusu ya siku.

Nilimshika mkono nikamvuta. Nilimwonyesha kila kitu kilichobaki, kwa pupa, kabla jua halijazama. Nilimwonyesha bata mwenye shingo ya kijani, na bwana harusi aliyekuja kupigwa picha akiwa ameshika viatu vya bibi harusi. Tulirudi kwenye uzio wa bustani ya wanyama tukachungulia, tukaona shingo ya twiga juu ya miti, tukaihesabu kuwa twiga mzima. Kwenye teksi ya kurudi nilimkalisha dirishani, nikamtajia yote yaliyopita, lile daraja lenye nyaya, mti wa mjakaranda uliomwaga maua yake juu ya gari la polisi, mtu aliyebeba kochi kichwani. Alikuwa akiitikia: "Eee. Nimeona. Eee." Nilimwambia turudi juu ya lile jengo, macho wazi safari hii. Akasema nikirudi, mwanangu. Nikirudi tutapanda.

Aliondoka na ule mfuko wa mirabaraba. Jirani yetu msusi alimpa zawadi ya chanuo kwa ajili ya bibi, na hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza.

Mwaka mmoja ulizaa mwingine, na baba akabaki Tanga. Bibi aliishi, alhamdulillahi, akaishi sana. Mama alikuwa akienda na kurudi, mpaka nilipomaliza masomo, akaenda na hakurudi. Jirani naye alihamia Pretoria, nasikia wanawe sasa ni wanaume wenye ndevu. Chuma cha vitumbua sijui kilikwenda na nani. Nikipita mjini hivi leo naona Joburg ya watu wengine, yenye haraka zao, na ile yetu ya uani, ya watu waliokuwa wakiutazama mji siku ya kuagwa tu, sijui nimtafute nani tuikumbuke pamoja. Watoto wangu wanapelekwa kuona tembo Jumamosi yoyote, wakichoka wanaomba kurudi nyumbani, na hakuna anayeogopa.

Jioni ile niliyotoka Rosettenville baba alinipigia simu kutoka Tanga. Nilisikia vikombe na vicheko, nikajua yuko kwenye kijiwe cha kahawa na wazee wenzake. Magoti yamemkataa, kusafiri hasafiri tena, na sote wawili tunalijua hilo bila kulisema. Sauti yake ilikuwa ya ugomvi mtamu.

"Mwanangu, nimekuweka kwenye spika watu wote wakusikie. Kuna mbishi hapa anasema mimi Joburg sikuona kitu zaidi ya geti. Nimemwambia nilipanda jengo refu kuliko yote, na binti yangu ndiye aliyenionyesha mji mzima kwa kidole. Migodi ile pale, nyumbani kwetu pale, mama yake yule pale anachoma vitumbua. Haya, mwambie mwenyewe. Nani alinionyesha?"

Kijiwe kizima kikanisubiri. Mimi niliyekuwa nimebana macho mpaka yakaniuma!

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilikuonyesha yote."